Hesabu Iliyojipiga Yenyewe: Kosa Langu la Karatasi ya Madeni na Namna ya Kulikwepa

Wiki hii sitazungumzia viwavijeshi wala bei ya mahindi. Nitakueleza kosa langu mwenyewe, maana limeshawagharimu watu hela na sitaki likugharimu na wewe. Kosa lenyewe lilitokea ndani ya kompyuta, lakini usikimbie. Hata kama unatumia daftari na kalamu tu, soma mpaka mwisho, kuna sehemu yako.

Wale mnaonifahamu mnajua kwamba kumbukumbu zangu za vikundi naziweka kwenye kompyuta yangu ndogo ya zamani. Mwaka ule nilikuwa nasaidia kikundi kimoja cha wakulima 23 waliochukua mbolea kwa mkopo, mifuko 61 kwa jumla, ya kulipa baada ya mavuno. Bei tuliyokubaliana, pamoja na usafiri mpaka kijijini, ilikuwa shilingi 62,000 kwa mfuko. Kila mmoja aliweka sahihi au dole gumba. Mahindi yakavunwa, na mwezi wa saba mweka hazina akaniomba nimchapie orodha ya madeni ili aanze kukusanya. Nikachapa, nikampa, nikaenda zangu kwenye mashamba darasa.

Baada ya siku nne mama mmoja wa kikundi akaingia ofisini asubuhi. Alikuwa na daftari dogo amelifunga ndani ya khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naomba uniangalizie hili deni, ni la kwangu au ni la mtu mwingine?"

Akafungua daftari. Alikuwa ameandika kwa mkono wake: mifuko minne, shilingi 248,000. Karatasi yangu ilisema 284,000. Nikacheka kidogo, nikamwambia pole mama, hapa nimegeuza tarakimu, nne na nane zimebadilishana nafasi. Nikafungua kompyuta nimwonyeshe namba sahihi. Kwenye kioo cha kompyuta iliandikwa 248,000. Nikamgeuzia aione.

Akaangalia kioo, akaangalia karatasi, akasema, "Bwana shamba, kompyuta yako ina ndimi mbili."

Hapo ndipo kicheko kiliisha. Karatasi ile sikuiandika kwa mkono. Ilitoka kwenye faili lile lile lililokuwa mbele yetu. Kama kioo kinasema moja na karatasi inasema jingine, basi tarakimu hazikugeuka. Nikaangalia mstari wa juu yake: mzee mwenye mifuko mitatu, kwenye kioo 186,000, kwenye karatasi 213,000. Nikaangalia wa chini, na wa chini yake. Wote walikuwa wameongezewa shilingi 9,000 kwa kila mfuko. Kwa mifuko 61 hiyo ni shilingi 549,000 ambazo hakuna mtu anayedaiwa.

Nikampigia simu mweka hazina asimame kukusanya. Akaniambia watu watatu wameshalipa. Yule mzee wa mifuko mitatu alikuwa na 186,000 yake mkononi, na alipoambiwa 213,000 hakubisha. Aliuza debe la maharage akajazia. Alipoulizwa kwa nini hakulalamika, alijibu kwamba karatasi ya kompyuta haibishiwi.

Neno hilo lilinichoma kuliko hela zenyewe.

Ilitokeaje?

Sasa nikueleze kilichotokea, taratibu. Mimi natumia programu ya bure iitwayo Emacs, na ndani yake kuna sehemu iitwayo Org. Org ilianzishwa mwaka 2003 na mwanaastronomia anayeitwa Carsten Dominik, akitaka mahali pa kupanga kazi na kumbukumbu zake. Niliipenda kwa sababu ya kawaida kabisa: faili lake ni maandishi matupu. Halihitaji intaneti, ni jepesi, na hata kompyuta ikifa, faili lile utalifungua kwenye kompyuta yoyote ukalisoma.

Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba katikati ya maandishi unaweza kuweka kipande cha msimbo, yaani maelekezo ambayo kompyuta itayafuata. Sehemu inayofanya kazi hiyo inaitwa Babel, kazi ya Eric Schulte na Dan Davison, na iliingia rasmi ndani ya Org mwaka 2010. Kwa hiyo faili moja linabeba maelezo, orodha ya watu, na hesabu yao. Kipande kinafanana hivi:

#+BEGIN_SRC python :var mifuko=4 bei=62000
return mifuko * bei
#+END_SRC

#+RESULTS:
: 248000

Mistari ya juu ni maelekezo. Ukiweka kishale ndani yake ukabonyeza Ctrl na C mara mbili, kompyuta inapiga hesabu na kuandika jibu chini, pale penye neno RESULTS. Mtu akiongeza mfuko, unabadilisha namba, unabonyeza tena, jibu linabadilika. Kwa kupanga pembejeo hakuna raha kama hiyo.

Lakini kuna wakati mwingine ambao kipande kile hupiga hesabu, na huu ndio ulionikamata. Unapotoa nakala ya kuchapa, Org inaweza kuvipitia vipande na kuvipiga hesabu upya kabla ya kutoa karatasi. Kwa kawaida kipande cha Python kisipopewa agizo, karatasi inaonyesha maelekezo yake tu na hesabu haipigwi. Mimi sikutaka wakulima waone maelekezo, nilitaka waone jibu. Kwa hiyo niliandika :exports results, maana yake "kwenye karatasi weka majibu". Agizo hilo linaiambia Org ipige hesabu tena wakati wa kuchapa.

Bado hilo peke yake lisingeleta tatizo. 62,000 mara nne ni 248,000 leo na kesho. Tatizo lilikuwa kwamba bei sikuiandika ndani ya kipande kama kwenye mfano hapo juu. Kipande changu kilikuwa kinasoma bei kutoka faili la pembeni, nililoliita bei.csv. Na mwezi wa sita, bei ya msimu mpya ilipotangazwa kwenye kikundi, 71,000 pamoja na usafiri, mimi mwenyewe nililifungua faili lile nikafuta 62,000 nikaweka 71,000. Nilikuwa najiandaa na msimu mpya. Sikukumbuka kwamba madeni ya msimu uliopita yanakunywa maji kwenye kisima hicho hicho.

Na kwa nini kioo kilionyesha namba sahihi? Kwa sababu Org inapochapa inafanya kazi kwenye nakala ya pembeni, siyo kwenye faili lako. Hesabu mpya iliingia kwenye nakala ikaenda kwenye karatasi. Faili langu lilibaki na majibu ya zamani niliyoyapiga siku ya mkopo. Yule mama alikuwa sahihi kabisa kusema ndimi mbili.

Utauliza, kompyuta haikuniuliza? Ingeuliza. Org ikikutwa kama ilivyo, kila inapotaka kuendesha kipande cha msimbo inasimama na kukuuliza kama uko tayari, ndiyo au hapana. Lakini mimi nilichoshwa na kuulizwa. Nina vipande vingi, na kila nikichapa naulizwa mara kumi na kitu. Siku moja nikaingia kwenye mipangilio nikaweka org-confirm-babel-evaluate kuwa nil, maana yake "usiniulize tena". Nilijisikia fundi. Kumbe nimemfukuza mlinzi kwa sababu anabisha hodi kila mtu anapoingia.

Hesabu hai na hesabu iliyofungwa

Baada ya kuona kilichotokea nilikaa chini nikajiuliza: hesabu ipi inatakiwa ijipige upya, na ipi haitakiwi? Nikaligawa faili langu mafungu mawili, na nakushauri ufanye hivyo hivyo kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Fungu la kwanza ni hesabu hai. Hizi ni za kupanga. Mfano, tuchukue mpango wa kilo 60 za naitrojeni kwa hekta. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo ni kama kilo 130 za urea kwa hekta, au kama kilo 53 kwa ekari, zaidi kidogo ya mfuko mmoja wa kilo 50. Mkulima akisema ekari zangu siyo mbili, ni moja na nusu, hesabu inatakiwa ibadilike pale pale. Bei ikipanda, makadirio ya gharama yanatakiwa yapande. Hesabu hai ikigoma kubadilika inakudanganya.

Fungu la pili ni hesabu iliyofungwa. Hizi ni za mapatano: deni lililotiwa sahihi, mzigo uliopimwa na kuuzwa, mgao uliogawanywa. Zinaeleza jambo lililokwisha tokea. Hizi zikibadilika zinakudanganya.

Wewe unayeuza mahindi unalijua hili hata bila kompyuta. Chukua mahindi ya kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 18. Ukiyakausha mpaka asilimia 13 yanabaki kama kilo 94. Hakuna aliyeiba, ni maji yameondoka. Sasa kama ulimuuzia mtu kilo 100 kwenye mzani, mkakubaliana, akalipa, hawezi kurudi baada ya wiki tatu na gunia lile lile akasema tupime upya nirudishie hela ya kilo sita. Mzani ulisema kweli siku ile na utasema kweli leo pia. Linalohitajika ni kujua mapatano yalifanyika kwa mzani wa siku gani.

Karatasi yangu ilikuwa imepima upya gunia lililokwisha uzwa.

Namna ya kumwambia kompyuta lini ipige hesabu

Sehemu hii ni kwa vijana na makatibu wa vikundi wanaotumia Org kama mimi. Wengine mnaweza kuruka mpaka kichwa cha habari kinachofuata.

Agizo linaitwa :eval, na unaliandika kwenye mstari ule ule unaoanzia kipande. Lina hali hizi:

1. :eval never, au :eval no, ni kitu kimoja. Kipande hakiendeshwi kabisa, hata ukibonyeza wewe mwenyewe. Hii ni kufuli.

2. :eval query. Kila mara kompyuta itakuuliza kwanza, hata kama kule kwenye mipangilio ulisema usiulizwe. Ninaiweka kwenye vipande vichache vinavyogusa hela za watu.

3. :eval never-export, au no-export. Ukibonyeza mwenyewe kinaendeshwa, lakini wakati wa kuchapa hakiendeshwi. Karatasi inachukua jibu lililoandikwa tayari kwenye faili. Hiki ndicho kingeniokoa. Kioo na karatasi vingesema neno moja.

4. :eval query-export. Wakati wa kuchapa inakuuliza kwanza.

Huna haja ya kuandika agizo kwenye kila kipande. Ukitaka faili zima lifuate, weka mstari huu juu kabisa:

#+PROPERTY: header-args :eval never-export

Angalia, hapa watu wengi hukwama: ukishauandika mstari huo, weka kishale juu yake ubonyeze Ctrl na C mara mbili, au ufunge faili ulifungue upya. Bila hivyo Org haijausoma bado. Na kumbuka agizo la karibu linashinda agizo la mbali. Kipande chenye agizo lake kinafuata la kwake, siyo la juu ya faili. Ni kama nyumbani: mwenyekiti wa kijiji ana sheria zake, lakini ndani ya chumba cha bibi unafuata sheria ya bibi.

Sasa utaratibu wangu ni huu. Faili zima ni never-export. Siku ya mapatano napiga hesabu mara moja, mbele ya katibu na mweka hazina, tunasoma kwa sauti, wanasaini. Jioni ile ile nabadilisha vipande vya madeni kuwa never. Kabla ya kufunga nahakikisha jibu limeandikwa chini ya kila kipande, maana kipande kilichofungwa bila jibu kitatoa karatasi isiyo na namba. Msimu ukiisha sigusi tena.

Nikuonye na dawa moja niliyoijaribu ikaniletea ugonjwa mwingine. Kuna agizo linaitwa :cache yes. Linaifanya Org ikumbuke kwamba kipande hiki kimeshapigwa hesabu, na isikirudie mpaka maelekezo yake yabadilike. Nikasema hapo ndipo penyewe, nikaliweka kila mahali. Msimu uliofuata nikaandaa makadirio ya gharama kwa kikundi kingine, bei mpya nimeshaiweka kwenye faili la pembeni, na kila nikibonyeza naletewa jibu la bei ya zamani. Nilihangaika karibu saa nzima. Org inaangalia maelekezo ya kipande pamoja na namba ulizokipa kwa :var. Haiangalii kama faili la pembeni linalosomwa ndani yake limebadilika. Kwa hiyo :cache ni ya kuokoa muda, siyo kufuli la mapatano. Ukitaka kufunga, funga kwa :eval.

Na nilijifunza kwamba kufunga msimbo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutunza kilichoingia kwenye hesabu. Siku hizi sina bei.csv moja inayofutwa na kuandikwa upya. Bei ya mapatano naiandika ndani ya faili la msimu husika, kwenye kipande chenyewe kwa :var kama kwenye mfano wa juu. Hata mtu akipiga hesabu upya baada ya miaka mitano, atapata 248,000.

Jambo la mwisho kwa vijana: yule mlinzi nimemrudisha. Nimefuta ule mpangilio wa "usiniulize". Na ni zaidi ya suala la namba. Kipande cha msimbo kinaweza kufanya chochote ambacho wewe unaweza kufanya kwenye kompyuta yako, pamoja na kufuta mafaili. Mtu akikutumia faili zuri la mahesabu, hata kama ni rafiki, lisome kwanza. Faili la maandishi matupu lina faida hiyo, yote yaliyomo yanaonekana. Kompyuta ikikuuliza kama iendeshe kipande usichokielewa, jibu hapana. Hakuna hasara ya kukataa, utaendesha kesho ukishaelewa.

Kwa wenye Excel, na kwa wenye daftari

Wengi wenu makatibu mnatumia Excel kwenye kompyuta au simu. Shimo nililoangukia mimi lipo na kwenu.

Kwanza, tarehe. Ukiandika kanuni ya TODAY kwenye orodha ya mauzo, tarehe itakuwa ya leo kila siku unapofungua faili. Mauzo ya mwezi wa tatu yatasomeka ya mwezi wa nane. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na alama ya nukta mkato, tarehe ya leo itaandikwa na haitabadilika tena. Kwenye simu iandike kwa mkono tu.

Pili, bei. Kama safu ya deni inazidisha mifuko kwa bei iliyoko kwenye kisanduku kimoja juu, siku utakayobadilisha kisanduku kile madeni yote ya nyuma yatabadilika na wala hutasikia kelele. Ukishafunga mapatano, nakili safu ya deni kisha ibandike mahali pale pale kwa kuchagua kubandika thamani tu, bila kanuni. Namba zitabaki, kanuni itaondoka. Au anza ukurasa mpya kila msimu, wa zamani usiuguse.

Tatu, faili linalosoma kutoka faili jingine. Ukilifungua, Excel inaweza kukuuliza kama isasishe namba kutoka kule. Usibonyeze ndiyo kwa mazoea. Jiulize kwanza, ukurasa huu ni wa kupanga au ni wa mapatano?

Na wewe wa daftari na kalamu, usidhani hayakuhusu. Nimeona madaftari ya maduka ambayo yanaandika "Fulani, sukari kilo 2, mafuta lita 1" bila bei, muuzaji akisema hesabu tutapiga siku ya kulipa. Siku ya kulipa bei imepanda. Hapo unapiga hesabu upya kwa bei ya leo kwenye mzigo wa mwezi uliopita, na mteja anaondoka na kinyongo, au bei imeshuka na wewe ndiye unayepoteza. Ni kosa langu lile lile bila umeme. Andika idadi, andika bei ya siku ile, andika jumla, andika tarehe, mpe mteja asome, asaini. Umefunga.

Na wewe uliye upande wa kudaiwa, fanya kama yule mama. Andika ya kwako. Kama siyo daftari lile lililofungwa ndani ya khanga, watu 20 wengine wangelipa hela isiyokuwepo, na ingegundulika baadaye kwamba mweka hazina ana ziada ya shilingi laki tano na zaidi asiyoweza kuieleza. Unajua nani angeambiwa amekula. Siyo kompyuta.

Tulivyomaliza

Jumamosi ile niliitisha kikao cha kikundi chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Nilieleza kosa bila kuzunguka. Sikusema kompyuta imekosea, maana kompyuta ilifanya nilichoiagiza. Nilisema nimekosea mimi. Wale watatu walirudishiwa hela zao mbele ya wote: 27,000, 18,000 na 9,000, jumla 54,000. Karatasi za zamani tulizikusanya tukazichana, na orodha mpya ikasomwa kwa sauti, kila mtu akilinganisha na kumbukumbu yake. Mwenyekiti akaniambia, "Bwana shamba, umetufundisha kupima shamba kwa kamba mara mbili, na wewe pima karatasi mara mbili." Sikuwa na la kujibu.

Hela zilirudi, lakini debe la maharage la yule mzee halikurudi. Aliliuza mwezi wa saba, wakati kila mtu anauza, na lilikuwa ni mbegu yake. Nilimpelekea debe kutoka kwenye maharage yangu. Alilipokea, akapima kwa macho, akanishukuru, kisha akauliza, "Hili umelipima lini?" Mpaka leo tukikutana njiani ananiuliza swali hilo, na mimi namjibu tarehe.

Kwa hiyo ndugu yangu, wiki hii fanya jambo moja dogo. Fungua orodha yako ya madeni, iwe ya kompyuta, ya simu au ya daftari. Chukua mtu mmoja tu, mwulize kumbukumbu yake inasemaje, kisha linganisha. Zikikubaliana, mshukuru Mungu ufunge hesabu hiyo isijipige tena. Zisipokubaliana, usimwambie amekosea kabla hujaangalia bei uliyozidisha ni ya siku gani.

Mwenye faili linalomsumbua anikute ofisini kata siku ya gulio, kabla ya saa sita mchana. Njoo na kompyuta au simu yako, na usisahau daftari la zamani. Tutaanza na daftari.